Nani Aliamua Msimbo Uandikwe kwa Herufi Ndogo?

Wasee, hebu fungueni mwongozo wowote wa programu kwa simu. Maelezo yanasomeka poa. Mkifika kwa mfano wa msimbo, yaani kile mlichokuja kutafuta, mara nyingi herufi zimenywea. Mnaanza kupanua skrini kwa vidole viwili.

Hii kitu ina historia. Mwaka 1928 IBM ilileta kadi ya kutobolewa matundu yenye safu 80. Skrini zilizokuja baadaye zikarithi hiyo 80, na waandishi wa programu wakazoea mistari isiyozidi hapo. Halafu msimbo huandikwa kwa fonti za upana sawa, i na m zikipewa nafasi ileile, kama taipureta. Courier yenyewe ilichorwa na Howard Kettler wa IBM miaka ya 1950, kwa ajili ya taipureta. Iweke kando ya Times kwa saizi moja uone vile inatanuka.

Kwa hivyo brauza zikaipunguza. Hadi leo, brauza nyingi za kompyuta huanza na pikseli 16 kwa maandishi ya kawaida, na 13 kwa fonti za upana sawa. Mwenye tovuti naye akiongeza amri yake ya asilimia 85 juu ya hizo 13, unabaki na 11. Jameni, 11! Wajanja walipata dawa: andika neno monospace mara mbili, katikati mkato, na brauza inarudi 16. Hupunguza tu ikilikuta neno hilo likiwa peke yake.

Kwa maelezo, ukikosea kusoma herufi moja sentensi bado inaeleweka. Kwa msimbo, ukiona nukta mbili mahali pa nukta-mkato, programu inagoma, na anayejifunza kwa simu anadhani ni yeye hana akili. Hapo ndipo mimi hukasirika.

Na hiyo sababu ya safu 80 haifanyi kazi kwa simu. Hata kwa pikseli 13, mstari wa herufi 80 unataka pikseli kama 620. Simu nyingi zinaupa ukurasa 360 hadi 430 hivi. Mmeminya herufi na bado haitoshei! Acheni mstari mrefu uteleze pembeni kwa kidole, lakini herufi ziwe 16 kama majirani zake.