Hamali na Mhimili: Habari za Ekseli na Kamani Mjini Mvita

Yako maneno katika lugha yetu yaliyotoka tumbo moja, lakini kwa kuwa kila moja limekwenda kufanya kazi mtaa wake, wasemaji wameusahau udugu wao. Hamali ni mtu achukuaye mzigo wa mwenziwe kwa ujira. Himila ni mzigo wenyewe. Kustahimili ni kuubeba uzito pasipo kulalama. Na mhimili, ambao mafundi wa gereji huuita ekseli, ni ile nguzo ya chuma ilalayo baina ya magurudumu mawili, gari na vilivyomo vikaitegemea. Shina la yote hayo ni la Kiarabu, na maana yake ni kuchukua. Kila nipitapo mtaa wa Tudor wakati wa alasiri, nikakutana na mkokoteni uliopangwa madumu ya maji, mwenyewe ameinama mbele yake jasho likimtiririka, huona ndugu hao wamekutana tena mahali pamoja, nami hutamani kueleza jinsi walivyofarakana na jinsi walivyopatana. Maana habari za mhimili katika mji wa Mvita, yaani Mombasa, hazisimuliki bila ya kumtaja hamali.

Kwa karne nyingi pwani yetu ilikuwa na vyombo vya bahari vya kila namna, ilhali nchi kavu haikuwa na gari la kutajika. Mkono wa bahari wa Tudor, uingiao bara kaskazini magharibi ya kisiwa cha Mvita hata kukaribia Jomvu, ulikuwa ndiyo barabara yenyewe: mmisionari Krapf alipofanya maskani yake Rabai Mpya mwaka 1846, safari ya kwenda na kurudi mjini ilikuwa chombo mpaka mwisho wa maji, kisha miguu. Kutoka hapo mzigo ulipanda kichwani au begani, na kiasi alichotwikwa mpagazi aghalabu kilikuwa frasila mbili, yaani kadiri ya ratili 70. Asidhani mtu kwamba wazee wetu hawakulijua gurudumu. Kapi za majahazi zilizunguka mikononi mwao kabla ya kuzaliwa babu wa babu zao. Lakini gari lataka mnyama wa kulivuta, na mnyama akiingia misitu ya bara hukutana na mbung'o. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price alijaribu kwa ng'ombe njia ya Saadani, pwani ya Tanzania ya leo, kwenda Mpwapwa, akarudi na matumaini makubwa. Mwaka uliofuata msafara wenye magari ulipokuja, ng'ombe walikufa mmoja baada ya mmoja, na mzigo ukarudi vichwani ulikotoka.

Gurudumu lilipofika Mvita kwa nguvu lilikuja juu ya reli. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyopata hati ya malkia wa Uingereza mwaka 1888, ilianza mwaka 1890 kutandika njia nyembamba yenye upana wa futi 2, kwa nia ya kuifikisha Ziwa Viktoria. Ikaishia maili 7. Vyuma vile viling'olewa, vikaletwa kisiwani, vikatandikwa katika njia za mji, na juu yake vikawekwa vigari vya viti viwili vyenye kipaa cha turubali, ambamo wakubwa wa serikali na matajiri wa biashara waliketi kwa taadhima huku wanaume wakivisukuma kwa nyuma. Vilidumu mpaka kuingia miaka ya 1920. Hapo hamali hakuondolewa kazini. Alitolewa chini ya mzigo akawekwa nyuma yake, na sidhani kwamba aliyaona mabadiliko hayo kuwa makubwa kama walivyoyaona wale waliokaa vitini.

Reli, ndogo au kubwa, ina tabia moja: huibadili ardhi kwa ajili ya gurudumu. Mlima huchongwa, bonde hujazwa, na gari likapita kama lipitalo juu ya meza. Barabara ya udongo haina hisani hiyo. Ile njia ya magari ya ng'ombe iliyopewa majina ya Mackinnon na Sclater, iliyoanzwa mwaka 1890 kutoka pwani kuelekea Busia, ilikuwa ni ardhi ile ile ya Mwenyezi Mungu iliyofyekwa miti, na lolote lililotaka kupita juu yake lilikuwa halina budi kubadilika lenyewe. Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo lililowafanya mafundi wetu wawe mafundi. Kiwanda cha ng'ambo kiliunda gari kwa barabara za kwao; barabara zetu zikaliunda upya, na mkono zilioutumia ulikuwa mkono wa fundi.

Mafundi hao nasaba yao ya kazi ina matawi kadhaa. Wahunzi walikuwapo tangu zamani, na fuawe zao na mivukuto yao, wakifua majembe, visu na misumari ya majahazi. Mabohora walileta biashara ya vyuma na ufundi wa bati. Lakini wimbi kubwa lilishuka pamoja na reli ya Uganda, ambayo chuma chake cha kwanza kililazwa Mei 1896, nayo ikafika ziwani Desemba 1901. Kazi hiyo iliwaleta kutoka Bara Hindi watu wapatao 32,000, na miongoni mwao walikuwamo wafua chuma, maseremala na wakerezaji, hasa Makalasinga, ambao kizazi chao kilichobaki kiliweka gereji karibu katika kila mji wa Afrika ya Mashariki. Kijana wa Kiswahili, wa Kimijikenda au wa Kikamba aliyeingia gereji kama mshika spana alitoka baada ya miaka kumi na maarifa ambayo hakuna kitabu kilichomfundisha.

Huko Bara Hindi pia huenda ndiko lilikopata nguvu neno kamani, ambalo watu wa pwani walilijua katika saa za mfukoni: ule utepe wa chuma uliojikunja ndani, ukazungusha mishale. Kwa Waajemi kaman ni upinde, na mistri, yaani fundi, wa Kihindi hata leo huita kamani zile springi za mabamba zichukuazo lori. Siku hizi gereji zote husema springi, na silalamiki, lakini jina la kale linaeleza vizuri zaidi kitu chenyewe, maana springi ya lori ni upinde hasa, uliofungwa ncha mbili katika chesisi na tumbo lake likakalia ekseli. Fundi wa jahazi akitaka taruma lililopinda huingia msituni akatafuta mti uliojipinda wenyewe. Mfua kamani hukilazimisha chuma cha pua kipinde, kisha hukifundisha kurudi kila kinyoshwapo. Waingereza wenyewe waliifikisha sanaa hii mbali katika magari ya farasi. Obadiah Elliott wa London alipewa mwaka 1804 haki ya serikali juu ya kamani zilizokutanishwa mfano wa yai, ambazo ziliondoa gogo zito lililokuwa likiunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma.

Sasa litazame lori lililotoka kiwandani na kamani laini kwa barabara laini, likapewa safari ya Mombasa na Nairobi, kadiri ya kilomita 480, wakati ilipokuwa bado ya murami, yenye mawimbi mawimbi kama bati, au likaelekezwa kaskazini, Garsen na Lamu, ambako wakati wa kiangazi palikuwa mchanga na wakati wa masika udongo mweusi ulionata hata gurudumu likawa halitambulikani. Jambo la kwanza kushindwa ni kamani. Nayo haivunjiki ovyo: bamba hukatika aghalabu katikati, pale kwenye tundu la bolti inayoyashika mabamba yote pamoja, kwa kuwa tundu limekipunguza chuma pale pale panapopindwa zaidi. Yubolti, zile bolti za umbo la U zifungazo kamani na ekseli, zikikazwa barabara, sehemu hiyo haipindi kabisa. Zikilegea kwa uzi mmoja tu, kila shimo la njia huenda kuligonga tundu lile. Niliwahi kulala njiani upande wa Tana kwa ajili ya bolti hiyo isiyozidi urefu wa kidole. Ilikatika, ekseli ikarudi nyuma upande mmoja, na lori likawa linakwenda kombo mfano wa kaa wa ufukoni, utingo akicheka na dereva akitukana, hata tukakubali sote kushuka.

Dawa ya fundi ilikuwa kuongeza mabamba. Huyatoa katika lori bovu, huyakata kwa urefu, huyatia motoni yakawa mekundu, huyapinda juu ya fuawe kwa kulinganisha na alama iliyochorwa sakafuni kwa chaki, kisha huyazamisha katika mafuta machafu ya injini, maana maji huyapoza kwa ghafla yakawa magumu na mepesi kuvunjika kama kioo. Baadaye huyarudishia moto mdogo ili yapate unyumbufu. Kuchomelea bamba la kamani ni haramu ya gereji: moto wa kuchomelea hukiua chuma mahali pamoja, na hapo ndipo kitakapokatika. Fundi aliyefundwa hujua hivyo bila ya kuweza kutaja jina la elimu yake.

Elimu yenye jina ilikuja Tudor katikati ya karne iliyopita. Serikali ya kikoloni, Sultani wa Zanzibar Seyyid Khalifa bin Harub, ambaye ukanda wa pwani ulikuwa bado ni milki yake kwa mujibu wa sheria, Aga Khan na jamaa wa Kibohora walishirikiana kuanzisha chuo cha ufundi kwa Waislamu wa Afrika ya Mashariki, Mombasa Institute of Muslim Education, ambacho watu walikiita kwa herufi zake MIOME, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1951. Mwaka 1966 kikawa chuo cha ufundi cha watu wote bila kujali dini, baadaye kikawa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni chuo kikuu. Sipendi kukisifu kupita kiasi, kwa kuwa mafundi wengi niliowaona wakifanya maajabu hawakuwahi kuingia langoni mwake. Lakini chuma kilipoanza kukerezwa kwa vipimo vya sehemu ya elfu ya inchi katika mtaa huo huo ambao jirani yake alipima kwa uzi na jicho, elimu mbili hizo hazikuweza kukaa mbalimbali, na mara nyingi zilikutana kwa njia ya mtoto aliyesoma chuoni asubuhi na kumsaidia ami yake gereji jioni.

Kazi iliyozikutanisha zaidi ni ya kuinua gari ili lipite pasipo njia. Katika Toyota Land Cruiser za kizazi cha FJ40, kamani zimelazwa chini ya ekseli. Fundi akizihamisha zikakaa juu yake, mwili wa gari hupanda kwa unene wa bomba la ekseli na wa kamani yenyewe pamoja, bila ya kununua chochote ila vikalio vipya vya kuchomelea. Mtu asiyejua hudhani kazi imekwisha. Kumbe shafti itokayo katika gia sasa inashuka kwa pembe kali, viungo vyake vikatetemeka. Fimbo ya usukani nayo imekwenda mshazari, gari likajipindia kila likanyagapo shimo. Na ekseli, ikishikwa na injini yenye nguvu, hutaka kuzunguka yenyewe badala ya kuzungusha gurudumu, kamani zikajikunja mfano wa herufi S. Kwa hiyo fundi mwenye busara huvibandika vikalio kwa vidoa vichache vya moto, hulishusha gari juu ya magurudumu yake, huzipima pembe, huondoa na kubandika tena, na hapo tena huchomelea kidogo kidogo, upande huu na upande huu, ili bomba lisipindike kwa joto.

Ekseli yenyewe ina hekima yake. Katika magari madogo mengi gurudumu limefungwa katika ncha ya shafti, hivyo shafti hubeba na kuzungusha pamoja, na ikikatika gurudumu huondoka nayo. Katika malori mazito bomba la nje ndilo libebalo, kwa beringi mbili, na shafti ya ndani kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika nyikani, dereva hufungua bolti za mwisho akaichomoa kama upanga alani, na gari likabaki limesimama juu ya magurudumu yake bila jeki. Kwa ajili hiyo mafundi wa gari za nyikani hupenda kuzivalisha gari ndogo ekseli za gari kubwa, wakazikata upana kwa mkerezaji na kuzirudishia meno.

Duniani habari hizi zilijulikana kwa njia ya mashindano ya magari. Yale yaliyoanza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakaitwa baadaye Safari, yalishindwa mwaka 1965 na Joginder Singh, Kalasinga mzaliwa wa Kericho, ndani ya Volvo iliyokwisha kutumika, na watu wakashangaa. Hakushangaa aliyejua gereji zetu. Na tangu 1989 yako yale ya Rhino Charge, yaliyoanzishwa ili kuchangia uzio wa msitu wa Aberdare, ambamo mshindi si aendaye mbio bali apitaye vituo vyote kwa masafa mafupi kuliko wenziwe, juu ya mawe na makorongo. Na magari yake mengi ni ya kuundwa kwa mkono toka ekseli hata paa.

Huku Tudor ekseli ikishindwa na lori haitupwi. Fundi huitoa matumbo yake yote, shafti na meno ya difu, akaacha bomba tupu na beringi zake, akalifunga chini ya mbao nne kwa mnyororo na bolti, akatia magurudumu mawili yaliyokwisha kutembea, na mkokoteni ukawa tayari kuchukua madumu ishirini, ratili zipatazo 880 za maji. Kamani haziwekwi; hamali huinyosha na kuikunja miguu yake kwa kadiri ya mashimo. Kwenye mteremko huegemea nyuma, akainua mikono ya mkokoteni juu, na kile kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa mkiani kikaburura lami mpaka chini.