Moja, Mbili, Tatu

Kwa mtu wa Kasulu au Kibondo, vita vya Kongo si habari za redioni tu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi wa Kivu ya Kusini, wengi wao wa Fizi na Uvira. Na ni Fizi hiyo hiyo ambako Che Guevara alikwenda kupigana mwaka 1965.

Alipita Dar es Salaam kwa siri mwezi Aprili, akafika Kigoma, akavuka ziwa usiku. Wenzake wawili waliitwa Moja na Mbili. Yeye akawa Tatu, eti daktari na mkalimani. Serikali yetu ilijua Wakuba wanapita, lakini haikuambiwa kuwa Che yumo. Hapo mimi namlaumu. Mgeni gani humficha mwenye nyumba jina lake?

Siri haikudumu. Mwishoni mwa Juni walishambulia Bendera. Wakuba wanne wakauawa, na shajara iliyookotwa pale ikawaumbua. Laurent Kabila, kiongozi wao wa Kikongo, alionekana vitani kwa nadra. Oktoba Kasavubu alimwondoa Tshombe, upepo ukageuka kwa wakuu wa Afrika, na serikali yetu ikawaarifu Wakuba kuwa msaada wa namna ile umekwisha.

Novemba 21 Che alirudi Kigoma kwa mashua. Siku chache baadaye Mobutu alitwaa madaraka, akayashika miaka 31. Aliyemwondoa mwaka 1997 ni Kabila yule yule, katika vita vile vile vilivyowaleta watu wa Fizi Nyarugusu.