Kifaru Kilichogeuka Shule

Katika mwezi wa nne wa mwaka 1945 vita ilikuwa inakwisha katika nchi ya Italia. Majeshi ya Wajerumani yalikimbia kuelekea kaskazini, na njiani yaliacha vitu vingi ambavyo hayakuweza kuvichukua. Karibu na mji wa Reggio Emilia, katika kijiji kiitwacho Villa Cella, waliacha kifaru kimoja. Simsemi mnyama wa porini, bali lile gari la vita la chuma lenye mzinga. Waliacha pia kamio chache na farasi kadhaa. Watu wa kijiji wakavitwaa, kisha wakakaa kufanya shauri: tukiviuza vitu hivi, fedha yake tuifanyie nini?

Wanaume walitaka kujenga nyumba ya tiyatro. Tusiwacheke. Kwa miaka zaidi ya ishirini walikuwa wamekaa chini ya utawala wa Mussolini, wakiambiwa la kusema na la kunyamazia, halafu vita ikawalia watoto wao. Mtu aliyetoka katika taabu ya namna hiyo hutamani kukutana na wenzake na kucheka. Lakini wanawake hawakukubali. Walitaka fedha ya kifaru ijenge shule ya watoto wadogo, wale wa miaka mitatu hadi sita, ambao hawajafika umri wa kuingia kalasi ya kwanza. Wakabishana, na mwishowe wanawake wakashinda.

Mkulima mmoja akatoa kiwanja. Matofali na boriti vilitolewa katika nyumba zilizobomolewa na mabomu, mchanga ukachukuliwa mtoni. Kazi ilifanywa usiku na siku ya Dominika, maana siku nyingine kila mtu alikuwa akitafuta chakula chake. Juu ya kazi ya Dominika paroko angeweza kuwa na neno lake, mimi sina.

Habari hizo zilimfikia kijana mmoja wa miaka 25, Loris Malaguzzi, mwalimu wa shule ya msingi. Hakuzisadiki. Akapanda baisikeli yake akaenda kujionea. Akawakuta wanawake wakisugua matofali ili kuyaondolea udongo wa zamani. Akawauliza fedha ya kuiendesha shule itatoka wapi. Hapo wakasita kidogo, kisha wakamjibu kwamba itapatikana. Alipowaambia kuwa yeye ni mwalimu, wakamwambia vema, kama ni kweli aje afanye kazi pamoja nao. Akaja, wala hakuiacha kazi ya watoto wadogo mpaka kufa kwake. Mambo ya siku ile aliyasimulia mara nyingi, hata uzeeni.

Msomaji asidhani kwamba Waitalia walikuwa hawajui shule za watoto wadogo. Padri Ferrante Aporti alikwisha kufungua moja katika mji wa Cremona mwaka 1828. Baada yake masista wa mashirika mengi waliifanya kazi hiyo katika miji na vijiji. Halafu dada wawili wa tumbo moja, Rosa na Carolina Agazzi, wakaitengeneza upya karibu na mji wa Brescia. Na tarehe 6 Januari 1907, siku ya Epifania, daktari Maria Montessori alifungua Nyumba ya Watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, pale Roma, akaonyesha kwamba mtoto mdogo akipewa vyombo vinavyomfaa hujishughulisha mwenyewe bila kupigiwa kelele. Lakini Montessori alikosana na serikali ya Mussolini, akaihama nchi mwaka 1934.

Hivi kwa muda wa miaka zaidi ya mia moja watoto wadogo wa Italia walikuwa hasa mikononi mwa Kanisa. Ni sifa kwetu, na tusiifiche. Lakini tuseme na hili: katika nyumba nyingi mtoto alilindwa kuliko alivyofundishwa. Aliketi kwenye benchi, akaimba, akanyamaza, akanywa mchuzi wake, akarudi nyumbani. Na mama yake alimpokea kama mtu aliyepewa sadaka. Wanawake wa Villa Cella hawakutaka sadaka. Walitaka shule iliyo yao.

Baada ya Villa Cella zikaja nyingine saba, katika viunga vya mji na mitaa ya maskini, na zote ziliendeshwa na wazazi. Watoto walifika na njaa, wengine wagonjwa. Tena liliwako jambo ambalo msomaji wa Kongo atalifahamu upesi. Nyumbani watoto wale walisema lugha ya babu zao, na Kiitalia cha vitabu kilikuwa kwao kama lugha ya wageni. Sisi tulioketi mbele ya ubao ulioandikwa Kifaransa, na nyumbani hatukusikia ila Kiswahili au Kitabwa au Kibembe, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mwalimu aliyeingia na somo lake tayari mkononi alijikuta anasema peke yake. Ikabidi awaombe wazazi msaada, na ikabidi awasikilize watoto kwanza kabla ya kuwaambia neno. Namna ya kufundisha iliyokuja kusifiwa duniani kote ilianza hapo: haikuanza katika kitabu cha mtu mwenye elimu, ilianza kwa sababu walimu hawakuwa na njia nyingine.

Vitabu vilifuata. Malaguzzi alikwenda Roma kujifunza elimu ya roho na akili za watu, akarudi Reggio, akawasoma wengi, pamoja na yule daktari Mbelgiji, Ovide Decroly, aliyefungua shule yake mjini Brussels mwaka 1907. Shule za wazazi nyingine zilikufa kwa kukosa fedha, nyingine zikadumu karibu miaka ishirini zikiishi kwa michango. Ndipo mwaka 1963 baraza la mji likafungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo. Ilikuwa nyumba ya mbao yenye kalasi mbili za watoto 60, ikaitwa Robinson. Mwaka 1967 zile za wazazi nazo zikawekwa chini ya mji. Serikali ya Italia yenyewe ilichelewa kuliko mji huo. Sheria yake ya kufungua shule za namna hiyo ilitoka mwaka 1968 tu.

Watu wengi wa mjini hawakuelewa kwa nini fedha ya kodi itumiwe kwa watoto wasiojua hata kufunga viatu. Basi mara moja kwa juma walimu waliwapakia watoto na vyombo vyao katika kamio, wakaipeleka shule uwanjani, au bustanini, au chini ya nguzo za tiyatro kubwa ya mji. Hapo watoto walifanya kazi zao mbele ya watu. Wapita njia walisimama, wakashangaa, wakauliza. Nafikiri wale wanaume wa Villa Cella walipata tiyatro yao siku hizo.

Lakini watoto walijifunza nini, na kwa namna gani? Nitaleta mfano mmoja, wa shule iitwayo Diana, katikati ya mji.

Shule ilihitaji meza nyingine, sawa kabisa na moja waliyokuwa nayo. Kwa kawaida mwalimu angeipima, angeandika karatasi, angemtuma mtu kwa seremala, na watoto wangeiona meza siku ya kuletwa. Hapa jambo liliachwa mikononi mwa watoto wenyewe, wa miaka mitano na sita. Wakamwita seremala. Seremala akasema ataitengeneza wakimpa vipimo, akawauliza kama wanajua kupima. Hawakujua.

Wakaanza kupima kwa vidole, kwa ngumi, kwa viganja, kwa miguu, hata kwa kichwa. Kila kiungo kilitoa hesabu yake, na kiganja cha huyu hakikuwa kiganja cha yule. Wazee wetu waliopima kitambaa kwa mkono wanalijua jambo hilo: mwenye duka mwenye mkono mfupi hana hasara. Wakatengeneza rula za karatasi, kila mtoto ya kwake, wakaandika tarakimu juu yake kwa kubahatisha. Walipozilinganisha wakaona hazipatani. Mwishowe wakachagua kiatu cha mtoto mmoja. Kiatu hicho, wala si kingine, ndicho kitakuwa kipimo cha wote. Hapo walikuwa wameipata siri yenyewe ya kupima, kwamba kipimo ni mapatano ya watu. Baada ya hapo mita haikuwa tena fimbo ya mwalimu. Waliielewa kuwa ni kiatu cha watu wote. Wakampelekea seremala vipimo vyake kwa mita.

Mzazi mwenye haraka atasema: mwalimu aliijua mita tangu siku ya kwanza, kwa nini asiitoe, wakamaliza kazi kwa dakika tano? Ndiyo, meza ingalipatikana mapema. Lakini mwalimu yule hakuwa amelala. Watoto walipokuwa wakibishana, yeye aliandika maneno yao na kupiga picha kazi zao. Walipokwenda nyumbani, alikaa na mwenzake wakayasoma yale maandishi, wakafikiri kesho wawaulize nini, na nini wasiwaambie bado. Kila kalasi ina walimu wawili, nao hukaa na watoto wale wale miaka mitatu. Maandishi na picha hutundikwa ukutani ili wazazi wasome. Kunyamaza kwa namna hiyo ni kazi ngumu kuliko kusema. Mwalimu mvivu asijifiche nyuma ya shule za Reggio.

Tena kila shule ina chumba cha udongo wa kufinyanga, rangi, waya na karatasi, na mtu aliyesomea sanaa, maana mtoto mdogo hafikiri kwa mdomo tu. Siku moja walipelekwa kuwatazama simba wa marumaru walio mbele ya kanisa la Mtakatifu Prospero, msimamizi wa mji. Waliwapanda mgongoni, wakawapapasa meno na manyoya, ndipo wakarudi kuwachora na kuwafinyanga. Sijui ni wangapi kati yetu waliochora simba shuleni kwa kunakili ubaoni tu, katika nchi yenye simba wazima.

Sasa ukurasa ambao sisi wakatoliki hatupaswi kuuruka. Mji wa Reggio baada ya vita ulitawaliwa na chama cha wakomunisti, na mapadri wengi waliziona shule hizi kama mkono wa chama unaowanyakua watoto mapema. Damu ilikuwa imemwagika katika nchi ile. Tarehe 30 Januari 1944 mafashisti walimpiga risasi Padri Pasquino Borghi, aliyewahi kuwa mmisionari katika Sudani, kwa kuwa aliwaficha watu waliowindwa. Na tarehe 18 Juni 1946, vita imekwisha, Padri Umberto Pessina, paroko wa San Martino karibu na Correggio, aliuawa na watu waliokuwa wapiganaji wa upande wa pili. Correggio ndiko alikozaliwa Malaguzzi. Hofu ya mapadri haikuwa ya bure.

Mwaka 1972 baraza la mji lilipopiga kura juu ya kanuni za shule hizi, hata madiwani wakatoliki, waliokuwa wachache, walizikubali. Ilionekana kama ugomvi umekwisha. Lakini katika mwezi wa kumi na moja mwaka 1976, msemaji wa upande wa Kanisa akaanza kuzishambulia kwa radio: kwamba zinawaharibu watoto, kwamba zinazidhulumu shule za kidini. Mashambulio yakaendelea siku baada ya siku.

Malaguzzi na walimu wangeweza kujibu kwa radio na kwa magazeti, na chama chenye nguvu kilikuwa upande wao. Walifanya jambo jingine. Baada ya siku saba wakasimamisha mipango yao ya kawaida, wakafungua milango, wakawaalika mapadri wa mji waingie waone, kisha wabishane nao waziwazi mle mle shuleni, mbele ya wazazi. Mabishano hayo yalidumu karibu miezi mitano. Mwanzoni maneno yalikuwa makali. Polepole ukali ukapungua, kila upande ukaanza kuelewa wenzake wanasema nini. Malaguzzi alikiri kwamba walitoka wamechoka, lakini hakujutia. Kwa wengi wao miezi ile ilikuwa faida.

Lawama yangu kwa wale waliosema kwa radio si kwamba walitetea imani, bali kwamba walizungumza juu ya nyumba ambayo hawakuingia. Na kwa walimu wa Reggio nasema hivi: walichowafanyia mapadri ndicho walichowafundisha watoto kufanya mbele ya meza ile.

Mwaka 1991 gazeti la Marekani, Newsweek, liliitaja shule ya Diana kuwa bora duniani kwa watoto wa umri huo, na wageni wakaanza kufika kutoka nchi nyingi. Wengi hurudi na picha za vyumba vizuri vyenye vioo. Ni vizuri kweli, lakini mwalimu wa kwetu mwenye watoto sabini na chaki nusu atazitazama na kuzirudisha. Afadhali aulizie habari za Villa Cella, ambako hawakuwa na vioo wala mshahara.

Malaguzzi alikufa tarehe 30 Januari 1994. Na shule ya Villa Cella, iliyojengwa kwa kifaru, ilipewa jina la tarehe 25 Aprili, siku ambayo Waitalia hukumbuka kukombolewa kwao.