Chenga Katika Picha za Nyota: Miaka Elfu ya Kuusaka Mwanga Hafifu

Bila shaka umewahi kujaribu. Umetoka nje usiku, anga limejaa nyota, ukatoa kamera ukaielekeza juu. Picha ilipotoka, badala ya nyota ukaona chengachenga: vipunje vyekundu, vya kijani na vya buluu, kama televisheni iliyopoteza mawimbi. Ukasema, "Kamera yangu ni ya bei rahisi, haiwezi."

Hebu ngoja kidogo kabla hujailaumu kamera. Chenga hizo si tatizo lako peke yako, wala si tatizo la jana. Watu wamepambana nazo tangu picha ya kwanza ya anga ilipopigwa, wakiwa na darubini za thamani kubwa na vioo vya upana wa dirisha. Na dawa waliyoigundua wao ndiyo hiyo hiyo utakayoitumia wewe. Tuifuate historia yake hatua kwa hatua.

Kabla ya kamera

Mwaka 964, mtaalamu wa nyota aitwaye Abd al-Rahman al-Sufi, mzaliwa wa Rayy huko Uajemi, alikamilisha kitabu chake cha nyota zisizohama. Katika kundi la Andromeda aliandika kuwa pana kitu kama kiwingu kidogo. Hakuwa na darubini wala lenzi. Alikuwa na macho yake, usiku wenye giza la kweli, na subira ya kutazama tena na tena. Leo twajua kiwingu kile ni galaksi nzima, na mwanga wake husafiri takriban miaka milioni 2.5 kabla ya kutufikia.

Baada yake akaja Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kuishi Misri. Yeye alichunguza jinsi mwanga unavyopita kwenye tundu na kuchora sura ya jua lililopatwa ukutani. Akaeleza jambo ambalo kila mpiga picha analijua hadi leo: tundu likiwa dogo, sura hutoka safi lakini hafifu, likiwa kubwa, mwanga huwa mwingi lakini sura huvurugika. Yaani tangu wakati huo ilishaonekana kuwa mwanga na usafi wa picha havipatikani bure. Lazima ulipe kwa kitu kingine.

Malipo ni muda

Picha za kwanza za anga zilionyesha malipo hayo ni nini. Mwaka 1840, John William Draper alipata picha ya mwezi huko New York kwa kutumia bamba la shaba lililopakwa fedha. Julai 1850, William Bond na John Whipple walipiga picha ya nyota ya Vega katika chuo cha Harvard. Iliwabidi waache mwanga uingie kwa sekunde 100. Vega ni miongoni mwa nyota zinazong'aa zaidi angani, na bado sekunde 100! Je, nyota hafifu ingekuwaje?

Wakati huo vioo vya picha vilipakwa dawa mbichi, na ilibidi vitumike kabla dawa haijakauka. Dakika kumi na kitu hivi, basi, kazi imekwisha. Mwaka 1871 daktari Mwingereza, Richard Maddox, akaja na njia ya kutumia dawa kavu ya jelatini. Sasa kioo kingeweza kukaa nyuma ya darubini saa nzima na zaidi.

Mtoto wa yule Draper, Henry, hakuichezea nafasi hiyo. Tarehe 30 Septemba 1880 alielekeza darubini yake kwenye wingu la gesi lililo katika kundi la Orion, lile ambalo Waarabu waliliita al-Jabbar. Akaacha mwanga uingie kwa dakika 51. Ikawa picha ya kwanza ya wingu la aina hiyo angani. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1883, Andrew Common wa Ealing, London, akalipiga tena kwa darubini ya kioo cha inchi 36, na picha yake ikaonyesha nyota ambazo jicho halizioni hata kupitia darubini hiyo hiyo. Common hakuwa mtaalamu wa kuajiriwa. Alikuwa mhandisi wa mabomba na maji machafu. Kamera za anga, ndugu yangu, tangu zamani hazikuwa za wenye vyeo peke yao.

Picha moja haitoshi kuwa shahidi

Lakini muda mrefu ulileta shida nyingine. Kioo kina vumbi, dawa ina madoa, punje za fedha hazilingani. Doa jeusi kwenye kioo, je, ni nyota au ni uchafu? Utajuaje?

Mwaka 1887 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Paris wakaanzisha mradi wa kuchora ramani ya anga lote kwa picha, ulioitwa Carte du Ciel. Katika vioo vingi vya mradi huo walifanya jambo la busara sana. Walipiga sehemu ile ile mara tatu juu ya kioo kimoja, kila mara wakisogeza darubini kidogo tu, hata kila nyota ikatokea kama pembetatu ndogo ya vidoa vitatu. Vumbi haliwezi kufanya pembetatu. Doa lililosimama peke yake lilikataliwa. Lenye mashahidi watatu likakubaliwa.

Zingatia hapo, kwa sababu ndipo siri yote ilipo. Kitu cha kweli angani hurudi mahali pake kila ukipiga picha. Chenga haina mahali. Leo iko hapa, sekunde ijayo iko pale.

Baadaye, katika miaka ya 1970 na 1980, David Malin huko Australia aliweka picha za vioo kadhaa vya sehemu moja juu ya karatasi moja. Punje zikajifuta zenyewe kwa zenyewe, na mwanga hafifu ukajitokeza. Mwaka 1986, kazi yake ya namna hiyo ya kukuza mwanga hafifu ilifichua galaksi kubwa mno iliyojificha, inayoitwa Malin 1 hadi leo. Na Desemba 1995 darubini ya Hubble iliangalia kipande kidogo cha anga kilichoonekana kitupu, kwa siku 10 mfululizo. Picha 342 zikaunganishwa kuwa moja, na "utupu" ule ukaonekana una galaksi kama 3,000.

Darubini ile iko juu angani na iligharimu mabilioni ya dola, lakini bado haikutegemea picha moja. Sasa wewe na kamera yako unataka ufanikiwe kwa picha moja?

Kamera yashuka bei

Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith, katika maabara za Bell nchini Marekani, walibuni kifaa cha silikoni kiitwacho CCD kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2009. Kwa muda mrefu kamera za namna hiyo zilikuwa za maabara na vyuo. Kisha mwaka 2003 kampuni ya Canon ikatoa EOS 300D, kamera ya DSLR iliyouzwa chini ya dola 1,000, na wapenzi wa nyota duniani kote wakaanza kuifunga kwenye darubini zao. Leo kamera za kizazi kile na vilivyofuata huuzwa mitumba kwa bei ndogo zaidi.

Hivi chenga za kamera hizi zatoka wapi? Ziko za aina tatu.

Ya kwanza ni ya mwanga wenyewe. Mwanga hudondoka kama rasharasha ya mvua. Tandaza vikombe uani kwa nusu dakika, utakuta kimoja kina matone matatu, cha pili saba, cha tatu hakina kitu. Viache saa nzima, vyote vitakaribia kulingana. Kwa hiyo picha ya mwanga mchache lazima iwe na chenga, hata kamera iwe ghali vipi.

Ya pili ni ya joto. Silikoni ikipata joto hutoa umeme wake yenyewe hata gizani, na umeme huo huongezeka maradufu kila joto linapopanda kwa digrii 6 hadi 8 hivi. Ndiyo maana kamera ile ile itatoa picha safi zaidi Nanyuki penye baridi kuliko Mombasa.

Ya tatu ni ya kusoma: kila mara kamera inapoisoma picha, huongeza kosa dogo la kwake.

Fanya hivi

Kuanzia Desemba hadi Machi, Orion hupanda juu sana wakati wa usiku. Sisi tumebahatika, kwani wingu lile la Draper hupita karibu na utosi ukiwa Mombasa. Chagua siku za mwezi mchanga au mwisho wa mwezi. Mwezi mpevu hufuta kila kitu.

Weka kamera juu ya stendi ya miguu mitatu. Tumia lenzi ya milimita 50, ISO 1600, na uhifadhi picha kwa hali ya RAW. Kuongeza ISO hakuongezi mwanga hata chembe. Hukuza tu kilichoingia, na chenga pamoja nacho. Fungua kwa sekunde 5 tu, maana dunia inazunguka na nyota zitavutika. Sekunde 5 ni chache? Piga picha 612. Sekunde 5 mara 612 ni dakika 51, muda ule ule wa Henry Draper.

Ukimaliza, funika lenzi kwa kifuniko chake, upige picha 20 za giza kwa ISO ile ile na sekunde zile zile, papo hapo kabla joto la kamera halijabadilika. Hizo zitabeba alama za joto peke yake, nawe utazitoa kwenye picha zako. Programu ya bure kama DeepSkyStacker hufanya kazi hiyo, kisha huzipanga picha nyota juu ya nyota na kuchukua wastani.

Hesabu yake ni hii: picha 4 huacha nusu ya chenga, picha 16 huacha robo, picha 100 huacha sehemu moja ya kumi. Ukitaka kuipunguza mara mbili, fanya kazi mara nne. Hakuna njia ya mkato.

Kusafisha au kutengeneza?

Njia ya mkato utaonyeshwa, hata hivyo. Zipo programu zinazolainisha picha mpaka chenga zote zitoweke, na nyota hafifu zitoweke nazo. Mbaya zaidi, zipo simu na programu za akili bandia zinazochora maelezo ambayo lenzi haikuyaona kamwe. Picha inapendeza, lakini si ushahidi wa kitu chochote.

Kwa nini jambo hili lituguse? Tarehe 8 Julai 2013, mwezi wa Ramadhan ukikaribia, Mfaransa Thierry Legault alipata picha ya hilali karibu na Paris kwa mwanga wa infraredi, saa ile ile mwezi ulipokutana na jua, yakiwa yametengana kwa digrii 4.4 tu. Jicho lisingeweza kamwe kuiona. (Usijaribu mwenyewe: kamera ikielekezwa karibu na jua bila kinga huungua, na jicho hupofuka.) Hukumu ya kufunga kwa picha kama hiyo tuwaachie wanazuoni. Lakini kabla ya hukumu, kuna swali la mtu wa kamera: je, uzi ule mwembamba ulikuwa angani, au umechorwa na programu? Siku picha ya hilali itakaposambazwa katika simu za mtaa mzima, ni nani kati yetu atakayeweza kujibu?

Kwa hiyo, kijana mwenzangu, jizoeze. Usifute picha zako za mwanzo. Zihifadhi zote 612 pamoja na zile 20 za giza, na uandike tarehe, saa na mahali. Mwenzako akitilia shaka, mpe azipange upya mwenyewe. Akipata ulichopata wewe, basi mmekuwa mashahidi wawili.