Siku moja Lubumbashi: majengo ya zamani na michoro ya ukutani

Wengi wetu tukifika Lubumbashi tunatafuta soko, ndugu ao mashauri ya kazi, kisha tunarudia. Lakini ule muji unaweza kusomwa kama kitabu, kwa siku moja tu, kwa miguu na taxi.

Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 juu ya shaba. Jina lake lilikuwa Elisabethville, la malkia wa Ubeljiji, hadi 1966. Barabara zake zimenyooka na kukatana mraba, kwa sababu wazungu waliipanga kwanza kwenye karatasi.

Anza asubuhi, wakati jua haijawa kali. Kanisa kuu la Petro na Paulo, la matofali, ni la karibu mwaka 1920. Toka pale, tafuta sinagogi iliyojengwa na Raymond Cloquet mwishoni mwa miaka ya 1920. Wayahudi wengi walitoka kisiwa cha Rhodes na kufanya biashara hapa. Leo wamebaki wachache sana, ila jengo linasimama.

Saa sita, fika kwenye Jengo la 30 Juni, ambalo watu wengi wanaita Teatro. Ni kazi ya Claude Strebelle na wenzake, miaka ya 1950. Angalia ginsi kuta zake hazifanani na majengo ya jirani. Siku hizi wabunge wa mkoa wanakutania humo, kwa hiyo omba ruhusa mbele ya kupiga picha. Jirani yake kuna Muzeo ya Taifa, na ndani yake utaona misalaba ya shaba ambayo mababu walitumia kama feza, kabla mzungu hajafika.

Kisha panda taxi kwenda Kamalondo. Hapa njo pa kufikiri. Wakati wa ukoloni, Kamalondo ilikuwa mtaa wa watu weusi. Kati yake na mtaa wa wazungu waliacha eneo tupu, wakisema ni kwa ajili ya afya. Uzuri wa katikati ya muji na umbali wa Kamalondo vilichorwa kwa kalamu moja.

Njiani, usisahau kuta. Saloni za nywele, maduka ya dawa na mafundi wa matairi wanachorewa alama zao kwa mkono: kichwa kilichonyolewa vizuri, mama na mtoto, gurudumu. Hao wachoraji ni ndugu za wachoraji wa turubai kama Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya inchi yetu katika miaka ya 1970. Mchoro wa ukutani hauishi sana: mwenye duka akibadilika, rangi mpya inaufunika.

Jioni, simama pahali unaona bomba kubwa la Gécamines na mulima mweusi wa takataka za shaba. Ule mulima unapunguka, kwa sababu wanautoa kobalti ndani.

Nyumba za matofali nazo zinapunguka. Nyingine zinavunjwa kwa ajili ya majengo marefu. Kama una picha ya zamani ya muji nyumbani, itunze, uandike nyuma mwaka na jina la barabara. Kesho mtoto wako atauliza pale palikuwa nini, na ile picha njo itamujibu.