Kikorea cha Mazungumzo

Kikorea cha mazungumzo ni Kikorea kinachosemwa dukani, mezani, kwenye teksi na kwenye simu, ambacho hutofautiana kwa mengi na kile cha vitabu na hotuba. Lugha hii ina wasemaji wapatao milioni 80, wengi wao Korea Kusini na Korea Kaskazini, na wengine China, Japani na Marekani. Makala hii inahusu lugha ya Korea Kusini, hasa ya Seoul, ambayo ndiyo wageni hufundishwa.

Anayeanza Kikorea hawezi kukariri sentensi moja akaitumia kwa kila mtu. Mwisho wa kitenzi huonesha msemaji anamweka wapi anayeambiwa: ni mkubwa wake, mwenzake, mteja au mtoto. Chukua kitenzi cha kula. Kwa rafiki wa rika lake mtu atauliza "meogeosseo?" Kwa jirani au mfanyakazi mwenzake ataongeza silabi moja tu, "meogeosseoyo?" Akimuuliza babu yake, kitenzi chenyewe hubadilika na hata neno la chakula hubadilika: "jinji japsusyeosseoyo?" Zote tatu zinauliza kama mtu amekula. Lugha ya rika, isiyo na "yo", huitwa banmal. Ile yenye "yo" ndiyo ya adabu ya kawaida, na mgeni akiishika hiyo peke yake atapita karibu kila mahali. Juu yake ipo yenye "-mnida", inayosikika katika taarifa ya habari, jeshini, mikutanoni na vinywani mwa wahudumu wa benki.

Aliyelelewa kwa shikamoo na marahaba haoni ajabu kwamba umri unaamua maneno. Tofauti ni kwamba kwa Kiswahili heshima hutangulia katika salamu, kisha mazungumzo huendelea kwa vitenzi vilevile. Kwa Kikorea heshima hurudiwa kila sentensi inapoisha. Ndiyo maana Wakorea wanapokutana huulizana umri mapema, na mgeni asilione hilo kuwa udadisi. Mtoto huulizwa "myeot sarieyo?", mtu mzima huulizwa kwa maneno marefu zaidi, "yeonsega eotteoke doeseyo?" Wakishajuana, mdogo huweza kumwambia mkubwa "mal nohaseyo", yaani aachie lugha ya heshima aseme naye kwa raha. Mdogo mwenyewe haanzi banmal mpaka aruhusiwe. Waliojifunza kwa kutazama tamthilia hujikwaa hapa mara nyingi, kwa kuwa marafiki na wapenzi katika tamthilia husemeshana kwa banmal, na sentensi tamu ya mapenzi ikisemwa kwa mwalimu huwa utovu wa adabu.

Salamu ya wakati wowote, asubuhi hata usiku, ni "annyeonghaseyo", ikiambatana na kuinamisha kichwa kidogo. Kuaga kuna njia mbili. Anayebaki humwambia anayeondoka "annyeonghi gaseyo", nenda salama. Anayeondoka humwambia anayebaki "annyeonghi gyeseyo", baki salama. Wakiachana njiani wote wawili husema "gaseyo", kwani hakuna anayebaki. Kwenye simu hutumika "yeoboseyo", ambalo si salamu ya ana kwa ana.

Ipo pia "sugohaseyo", ambayo msemaji wa Kiswahili huielewa mara moja kwa sababu anayo "pole na kazi". Mteja humwambia mwenye duka anapotoka, au abiria humwambia dereva anaposhuka kwenye teksi. Wanaoshika adabu kwa ukali hawaisemi kwa bosi au mzee. Kwa hao hutumia "gamsahamnida", asante.

Mezani ndipo penye mengi zaidi. Mhudumu wa mkahawa hupokea wageni kwa "myeot buniseyo?", mko wangapi, na jibu ni "du myeongiyo" kwa wawili. Kumwita mhudumu si kosa wala ukali: mtu hupaza sauti "yeogiyo!", na mikahawa mingi ina kengele ya kubonyeza juu ya meza. Kuagiza ni kutaja kitu, idadi, kisha "juseyo", nipe tafadhali: "bibimbap hana juseyo", bibimbap (wali uliochanganywa na mboga) moja. Anayeogopa pilipili huuliza "maewoyo?", na swali hilo lina faida sana mbele ya sahani ya tteokbokki, keki za mchele zilizopikwa katika rojo jekundu. Kabla ya kula husemwa "jal meokgesseumnida", baada ya kula "jal meogeosseumnida", na mpishi au aliyelipa hufurahi kuyasikia yote mawili. Mkubwa hutangulia kushika kijiko. Kinywaji humiminwa na kupokewa kwa mikono miwili, na kijana anayekunywa mbele ya mzee hugeuza uso pembeni.

Akiongezewa chakula na ameshiba, mgeni hujibu "gwaenchanayo". Neno hilo hufanya kazi nyingi: hakuna shida, niko sawa, inafaa, na pia hapana asante. Sauti na mkono ndivyo huamua maana.

Kuhesabu huwachosha wanafunzi kuliko sarufi. Kuna hesabu mbili: ya asili (hana, dul, set) na iliyotokana na Kichina (il, i, sam). Saa husemwa kwa hesabu ya asili na dakika kwa ile ya Kichina, kwa hiyo 3:30 ni "se si samsip bun". Mswahili ana kazi ya ziada hapa, kwa sababu saa tatu asubuhi kwa Wakorea ni "ahop si", ya tisa. Vitu huhesabiwa kwa hesabu ya asili pamoja na neno la kipimo: "keopi han jan", kahawa kikombe kimoja. Fedha hutumia ile ya Kichina na hugawanywa kwa elfu kumi, yaani "man". Muuzaji sokoni akiulizwa "igeo eolmayeyo?", hii bei gani, akajibu "samman won", anataka won 30,000. Aliyezoea kufikiri kwa maelfu huhitaji muda kabla ya kutoa noti sahihi.

Matamshi yana mtego wake. Kikorea hutenga sauti tatu mahali ambapo wengi husikia moja: "dal" ni mwezi, "tal" ni barakoa, "ttal" ni binti. Wasemaji wa Kimvita, lahaja ya Mombasa, wana sikio lililotangulia, maana kwao paa la nyumba na p'aa wa porini hutofautishwa kwa pumzi tu. Upande mwingine, silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na ulimi hutaka kusema "bapu" pale Mkorea anapofunga midomo katika "bap", wali. Hati ya Hangul, iliyoundwa wakati wa Mfalme Sejong mwaka 1443 na kutangazwa 1446, ina herufi za msingi 24 na husomeka baada ya siku chache za bidii. Inafaa kuijua mapema, kwa kuwa herufi za Kirumi huficha tofauti nyingi za sauti.

Jina la mtu mzima halitajwi hovyo, na neno la "wewe" hukwepwa. Mtu huitwa kwa cheo, kama "seonsaengnim" kwa mwalimu, au kwa jina la udugu. Mwanamke humwita dada mkubwa "eonni" na kaka mkubwa "oppa". Mwanamume husema "nuna" na "hyeong". Majina haya huvuka damu kama vile kaka, dada na shangazi yanavyovuka kwetu. Mama anayeuza chakula huitwa "imo", mama mdogo, na wengi hulipenda kuliko "ajumma", ambalo wanawake wengine huliona la dharau.

Mtihani wa TOPIK, unaopima Kikorea cha wageni na ulioanza 1997, una viwango sita. Kwa miaka mingi ulipima kusikiliza, kusoma na kuandika, hivyo mtu aliweza kupata kiwango cha juu bila kupimwa kuzungumza. Sasa upo mtihani wa kuzungumza unaofanywa peke yake. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni nchini Korea Kusini hufundisha Kiswahili, na mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyeko huko anaweza kubadilishana somo na Mkorea anayejifunza kusema shikamoo.