Nani Alipie Uzoefu?

Tangazo la kazi linalomtaka kijana aliyehitimu juzi awe na uzoefu wa miaka mitatu limezoeleka kiasi kwamba hatuulizi lilianza lini. Waajiri husema wahitimu wa siku hizi hawaivi. Historia ya Tanzania inanielekeza kwingine: hawakuwa wameiva hata zamani, ila kulikuwa na aliyekubali kulipia kuiva kwao. Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba nchi ilipata uhuru ikiwa na madaktari 12 na wahandisi 2. Chuo kikuu chenyewe kilianza mwaka huohuo wa 1961 kwa darasa dogo la sheria katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Mpango wa maendeleo wa 1964 ukaweka lengo la nchi kujitosheleza kwa wataalamu ifikapo 1980, kwa hiyo serikali ikasomesha, ikakadiria mahitaji ya kila fani, kisha ikawapangia wahitimu vituo. Kijana aliyepelekwa wilayani alijifunza uafisa akiwa tayari ofisini, analipwa mshahara, na makosa yake yanasahihishwa na waliomtangulia.

Azimio la Musoma la 1974 lilikwenda mbali zaidi. Liliamuru anayemaliza sekondari apitie kwanza Jeshi la Kujenga Taifa na kazini, ndipo aombe chuo kikuu akiwa na pendekezo la mwajiri na la tawi la chama. Uzoefu ukatangulia shahada! Utaratibu huo ulikuwa na kasoro, na si ndogo: pendekezo la chama lilipima utii kuliko uwezo, na wasichana walipungua chuoni hadi wakasamehewa sharti hilo. Hata hivyo ulikiri jambo ambalo matangazo ya leo yanalikwepa, kwamba kazi hufundishwa kazini na mwenye kazi ana wajibu wa kuifundisha.

Itasemwa kwamba yote hayo yaliwezekana kwa kuwa wahitimu walikuwa wachache. Ni kweli, na uchache huo haurudi. Juni 2014 waombaji zaidi ya 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kusailiwa kwa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Lakini wingi unaeleza msongamano tu. Hauelezi kwa nini uzoefu umegeuka tiketi ya kuingilia. Kwa hilo tutazame masharti ya wakopeshaji baada ya 1986, kupunguzwa kwa watumishi katika miaka ya 1990, na kubinafsishwa kwa mashirika ya umma, ambayo mengi yalikuwa yakiwapeleka vijana wao mafunzoni. Mwajiri aliyebaki alibana matumizi, na fungu la mafunzo ni jepesi kukatwa. Wengine huilaumu mitaala. Ina lawama yake, ingawa Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam kiliwapeleka wanafunzi viwandani tangu miaka ya 1970, na viwanda vilipofungwa hakuna mtaala ambao ungeweza kuvifungua.

Sasa serikali inahimiza utarajali, yaani mhitimu akae kwa mwajiri kwa miezi kadhaa ajifunze kazi. Wazo ni la zamani, ila kijana wa 1974 alijua kwamba akihitimu atapangiwa kituo. Mtarajali hana ahadi hiyo, na mara nyingi nauli na chakula vya miezi yote hiyo hutoka kwa wazazi wake.